Ndege wa majira ya baridi kwenye hifadhi ya msitu na nyika: nianzie wapi, na saa ngapi?

Mchungulia_Matawi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaojua kutazama ndege kusini mwa Uingereza wakati wa baridi. Nina siku moja tu katikati ya Januari, na nachagua kati ya Arne, kule Dorset, na Thursley Common, kule Surrey. Zote mbili zina msitu na nyika: upande mmoja mialoni, misonobari na miti ya betula, upande mwingine eneo wazi la erika, mimea mifupi ya nyika, na vichaka vya miiba vya uleksi.

Jua linachomoza kama saa 2 asubuhi na kuzama saa 10 jioni na dakika kadhaa, kwa hiyo nina saa nane za mwanga, basi. Nianze msituni au nyikani?

Jambo la pili, wageni wengi husema walizunguka saa tatu nzima na nyika ilikuwa tupu. Ni kweli hakuna ndege, au watu wanakosea namna ya kutafuta?

Ninayemtaka kuliko wote ni Curruca undata, yule mdogo wa mkia mrefu anayejificha ndani ya uleksi. Baada yake ni Loxia, chiriku mwenye mdomo uliopishana. Darubini yangu ni 10x42, yaani inakuza mara 10 na lenzi ya mbele ni milimita 42. Itanifaa?

Ndege wengi wa huko hawana jina la Kiswahili lililozoeleka, kwa hiyo tutumie majina ya kisayansi tusije tukachanganyana.

---

Kangaga_Kavu

Mkuu, nyika si tupu. Wakati wa kuzaa kila jozi ina eneo lake, kwa hiyo ndege wametapakaa kila mahali. Baridi ikiingia chakula kinabaki sehemu chache na ndege wanajikusanya hapo hapo. Unaweza kwenda kilomita mbili bila kusikia hata mlio, halafu ukafika penye miti mitano iliyojaa ndege arobaini. Anayetembea kwa mwendo ule ule siku nzima anapoteza muda wake kwenye mapengo. Palipo kimya pita upesi. Ukisikia mlio mmoja tu, hata hafifu, simama wima na usubiri dakika tano.

Halafu kumbuka kwamba baadhi ya ndege wanaoipa nyika sifa yake hawapo kabisa Januari. Caprimulgus europaeus, yule anayelia usiku kama cherehani, yuko Afrika. Waliofungwa vifaa vya kufuatilia wamekutwa bonde la Kongo. Usimtafute.

Ushauri wangu ni kuanza msituni, kukiwa bado na kiza kidogo. Usiku wa Januari una takriban saa kumi na sita, na ndege wa gramu chache anaamka akiwa ameunguza karibu mafuta yote aliyojiwekea jana. Regulus regulus ana gramu 5 au 6 tu. Saa ya kwanza ya mwanga lazima ale, na akila anasogea, na akisogea utamwona.

Unachotafuta humo ni kundi mchanganyiko. Viongozi wake mara nyingi ni Aegithalos caudatus, kidude cheupe chenye rangi ya waridi na mkia mrefu kuliko mwili. Hawanyamazi: "srrr, srrr" kavu, na "si-si-si" nyembamba, wakiitana wasipoteane. Nyuma yao wanakuja wengine: Regulus kwenye ncha za misonobari, Certhia akipanda shina kama panya, Sitta akishuka shina kichwa chini. Ndiyo sababu usiridhike na wale watano wa mbele. Wa thamani wako mkiani mwa msafara.

Kosa la kawaida ni kulifuata kundi kwa nyuma. Ukifanya hivyo utaona mikia tu, na kila ukikaribia wanaongeza mwendo. Tazama wanaelekea wapi, zunguka kwa mbali kupitia njia, simama mita 30 au 40 mbele yao na jua likiwa mgongoni mwako. Watakuja wenyewe na kukupita kama mto, mara nyingine mita tatu kutoka usoni.

Kwenye vichaka vya Ilex, vile vyenye majani magumu yenye miiba, kagua kila Regulus. Mwenye mstari mweupe juu ya jicho na mweusi unaopita jichoni ni Regulus ignicapilla. Baridi anapenda Ilex na miti iliyofunikwa na mimea itambaayo, kuliko misonobari mitupu.

---

Mlinzi_wa_Uleksi

Nakubaliana na Kangaga kuhusu makundi, ila kwa huyu ninaongeza sharti. Kama lengo lake la kwanza ni Curruca undata, hali ya hewa ndiyo iamue, si saa. Huyu ndege anategemea wadudu na buibui mwaka mzima, na hahami. Hii ndiyo sababu baridi kali ya 1962 hadi 1963 ilibakiza jozi kama 10 tu Uingereza nzima. Uleksi ndiyo nyumba na ghala lake: majani ya miiba yamebanana kiasi kwamba theluji inakaa juu, na chini kunabaki pakavu na buibui.

Kukiwa na upepo hapandi juu hata kidogo. Ukiona ncha za uleksi zinatikisika muda wote, achana naye, rudi msituni. Kukiwa kimya na jua limepiga vichaka kwa saa moja hivi, yaani kuanzia saa 3 au 4 asubuhi, ndipo wadudu wanaanza kutambaa upande unaopata jua naye anawafuata. Kwa hiyo asubuhi tulivu yenye jalidi nyeupe na anga la buluu ni nzuri kuliko siku ya mawingu yenye joto kidogo lakini upepo.

Sasa namna ya kumtafuta. Usikague vichaka kimoja kimoja, utachoka. Mtafute kwanza Saxicola rubicola. Huyo hajifichi: anatua kwenye ncha kabisa, dume ana kichwa cheusi na kifua cha chungwa, na mlio wake ni kama mawe mawili yanayogonganishwa. Wakati wa baridi wanakaa jozi jozi, na Curruca undata ana tabia ya kumfuata anakokwenda. Inaelekea anafaidika na mlinzi aliye juu, na pengine na wadudu wanaofurushwa. Ukiwapata Saxicola wawili, simama mita 25 kutoka kwao, usahau kilele cha kichaka, tazama theluthi ya chini na mapengo kati ya kichaka na kichaka. Wape dakika kumi kamili.

Mara nyingi utamsikia kwanza: "chrrr" fupi yenye mkwaruzo, kama mtu anayevuta zipu nusu. Kisha kitu cheusi kidogo kitavuka pengo chini chini, kwa mabawa yanayopiga haraka na mkia mrefu unaoning'inia kama haumhusu. Hapo usikimbilie. Tazama alipozama, hesabu polepole, na uangalie ukingo wa kichaka ulio karibu na hapo. Akipanda, anapanda kwa hatua: kwanza unaona mkia umesimama wima kati ya miiba, halafu kifua cha rangi ya divai chenye vidoa vyeupe kooni, na mwisho jicho lenye duara jekundu. Anakaa sekunde mbili au tatu. Ukiwa tayari umeinua darubini umempata. Ukiwa ndiyo kwanza unaiinua, umemkosa.

Uleksi wote haufanani. Uliozeeka una mashina matupu chini na upepo unapenya. Uliokatwa juzi ni mfupi mno. Tafuta uliobanana tangu chini, wa kimo cha kiuno hadi kichwa, uliochanganyika na erika ndefu. Na kwa Thursley, kumbuka iliungua vibaya 2006 na tena 2020, kwa hiyo umri wa vichaka unatofautiana sana kutoka sehemu hadi sehemu.

---

Mchungulia_Matawi

Asanteni sana wakuu, hili la Saxicola sikulijua. Kwa hiyo kukiwa na utulivu: msituni hadi saa 3 na nusu, kisha nyikani. Je, jioni nibaki nyikani au nirudi msituni? Na bado sijajibiwa kuhusu 10x42.

---

Jicho_la_Bundi

Jioni simama mpakani, msitu uwe mgongoni na nyika mbele yako. Saa ya mwisho ya mwanga ndiyo tajiri kuliko zote, na ndiyo ambayo wageni wengi wameshaondoka kutafuta chai.

Fika sehemu yako saa 9 alasiri. Chagua mahali palipoinuka kidogo, ujiegemeze kwenye mti ili umbo lako lisionekane dhidi ya anga. Kuanzia hapo kagua nyika kwa darubini kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, ukifuata mstari wa upeo, kila dakika tatu au nne. Unamtafuta Circus cyaneus, ndege mwindaji. Wakati wa baridi hulala chini kwenye erika ndefu au nyasi za kinamasi, mara nyingine kadhaa pamoja, na huingia kuanzia kama saa moja kabla ya jua kuzama hadi giza linapotanda. Anaruka chini, mabawa yameinuka kama herufi V. Dume ni kijivu kilichopauka na ncha nyeusi za mabawa. Jike ni kahawia, na juu ya mkia ana kiraka cheupe kinachoonekana hata mwanga ukiwa hafifu. Kozi mdogo, Falco columbarius, naye hulala maeneo ya aina hiyo. Anaingia kwa kasi, chini chini, na usipokuwa macho unamkosa.

Tafadhali usitangaze mitandaoni mahali hasa wanapolala. Ndege aliyefurushwa mahali pa kulala wakati giza linaingia hana muda wa kutafuta pengine.

Circus wakishatulia, usiondoke. Geuza uso kwenye anga lililobaki na mwanga, upande wa magharibi, juu ya uwazi kati ya miti. Dakika 20 hadi 30 baada ya jua kuzama, Scolopax rusticola wanatoka msituni kwenda mashambani kuchimba minyoo. Wengi wa hao wa Januari wamekuja kutoka Skandinavia na Urusi. Utaona umbo nene, mdomo mrefu umeelekea chini, likipita moja kwa moja kimya kimya, sekunde tatu limekwisha. Darubini haina kazi hapo, tumia macho matupu. Mchana usimtafute kwa kukanyaga majani makavu na kangaga: anajificha kwa kutotikisika, na kila akifurushwa anatumia nguvu alizoziweka kwa ajili ya usiku wa baridi.

Baada ya hapo bundi wa msituni, Strix aluco, wataanza kuitana. Januari wana kelele nyingi kwa sababu wanajiandaa kuzaa.

Mchana kati ya saa 6 na saa 9, nyika inapozubaa, kagua kila mti ulio peke yake kutoka kwenye ncha. Kitu cheupe kama kikombe kilichosahauliwa juu ya betula kinaweza kuwa Lanius excubitor, mbwigu wa kijivu. Wanaofika Uingereza kila baridi ni wachache sana, lakini huwa wanarudia maeneo yale yale mwaka hadi mwaka. Akipotea, usidhani ameondoka. Eneo lake ni kubwa, anaweza kuwa mwisho mwingine wa nyika kwa saa mbili kisha akarudi kwenye mti ule ule.

---

Fundi_Lenzi

Kuhusu darubini. 10x42 inafaa, lakini ujue mipaka yake. Gawanya 42 kwa 10: mwanga unaofika jichoni ni duara la milimita 4.2. Kwa 8x42 ni milimita 5.25. Mchana hutaona tofauti. Jioni, mboni ikishapanuka, ile ya 8 itakuonyesha picha angavu zaidi. Pia kumi inakuza mtikisiko, na mikono yenye baridi inatikisika. Egemeza viwiko kifuani, au shika ukingo wa kofia pamoja na darubini. Kwa Curruca undata, upana wa picha una maana kuliko ukuzaji, kwa hiyo ukiweza kuazima ya 8, azima.

Ukungu kwenye lenzi ndio unaoharibu siku za watu. Lenzi baridi ikikutana na pumzi yako inatota. Usitoe pumzi ukiwa umeibandika usoni, na skafu isikae juu ya pua maana inapeleka hewa yote ya moto kwenye vioo. Usiweke darubini ndani ya koti ukidhani unaitunza. Ikitoka humo imebeba unyevunyevu wa mwili. Ining'inie nje muda wote, ibaki na baridi ile ile ya hewa. Kurudi nyumbani, ifunge ndani ya mfuko ukiwa bado nje, uiache humo hadi ipate joto la chumba, saa moja au zaidi. Usifute tone lililoganda kwa kitambaa; barafu inaweza kukwaruza kioo.

Betri za simu na kamera fanya kinyume: zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Mikono: glavu nyembamba ndani, na nje zile nene zisizotenganisha vidole. Unavua za nje unapotaka kurekebisha lenzi. Miguu: anayesimama saa nzima mpakani, kama alivyosema Jicho, anapoteza joto kupitia nyayo. Kipande cha godoro la sponji, kikubwa kama gazeti lililokunjwa, ukikanyaga juu yake unaongeza nusu saa ya kustahimili. Thursley ina njia za mbao juu ya kinamasi, na jalidi ikikaa juu yake zinateleza vibaya.

---

Msomaji_Mpya

Samahani kuingilia. Si rahisi tu kupiga sauti ya Curruca undata kwenye simu akatoka mwenyewe?

---

Mlinzi_wa_Uleksi

Hapana, ndugu yangu, na wakati wa baridi ndiyo hapana zaidi. Ndege wa gramu 10 mwenye saa nane za kula anaacha kula ili aje kupambana na adui asiyekuwepo. Wakija watazamaji kumi kwa siku na kila mmoja akapiga mara tano, hesabu mwenyewe.

Kuna na sheria. Curruca undata, Loxia, Regulus ignicapilla na Circus cyaneus wote wamo kwenye Jedwali la 1 la sheria ya wanyamapori ya Uingereza ya 1981, inayokataza kuwasumbua wakiwa kwenye kiota au karibu nacho. Watu husema "Januari hakuna viota". Kwa Loxia si kweli. Anazaa kufuatana na koni za misonobari, na Februari, hata Januari, jike anaweza kuwa amelalia mayai theluji ikiwa mgongoni.

Mkisikia misumeno ya moto msijali. Hifadhi hukata betula na misonobari michanga iliyovamia nyika wakati huu hasa kwa sababu ndege wengi hawajaanza kuzaa. Bila kazi hiyo nyika inageuka msitu ndani ya miaka michache, na Curruca anakosa pa kuishi. Ila wenye mbwa wawafunge. Kwenye ardhi ya wazi ya umma sheria inadai kamba isiyozidi mita 2 kuanzia Machi 1 hadi Julai 31, lakini mbwa anayekimbia ndani ya erika Januari anafurusha waliolala vilevile.

---

Mchungulia_Matawi

Limeeleweka, simu itabaki mfukoni. Nimebakiwa na mawili: Loxia nimpate vipi, na mwishowe nichague Arne au Thursley?

---

Kangaga_Kavu

Arne, kwa sababu moja: upepo. Ukiamka ukakuta nyika inapeperuka, Arne bado una msitu wa mialoni, na pia ufuko wa Poole Harbour wenye ndege wa majini Recurvirostra, mwenye mdomo uliopinda juu, na Platalea, mwenye mdomo kama kijiko, wakati wa baridi. Tazama ratiba ya maji kujaa na kupwa kabla hujatoka. Maji yakipwa sana ndege hao wanakwenda mbali kwenye matope. Na ukiwa ufukweni, ukiona kundi zima limeruka kwa hofu, inua macho: tai Haliaeetus albicilla wanaorudishwa kisiwani Wight tangu 2019 hupita hapo mara kwa mara. Thursley upepo ukivuma huna ufuko wa kukimbilia.

Loxia. Anza na masikio: "jip-jip-jip" ngumu, kama chuma, kutoka kwa kundi linaloruka juu ya ncha za miti. Likishatua linanyamaza kabisa, na hapo ndipo watu wanalipoteza. Nenda chini ya misonobari lilipotua, simama, usikilize. Utasikia mbofyo mdogo mdogo na kuona magamba ya koni na mabawa membamba ya mbegu yakishuka yakizunguka. Juu yako yuko mmoja ameishika koni kwa mguu, amechomeka mdomo chini ya gamba, amesukuma taya kando hadi gamba linafunguka, na ulimi unatoa mbegu. Dume ni mwekundu wa matofali, jike kijani cha njano. Koni zilizoanguka ziokote: magamba yake yamepasuliwa katikati kwa urefu. Za kindi zimetafunwa zote hadi kubaki kijiti.

Mbegu hizo ni kavu na zina mafuta, kwa hiyo Loxia hunywa maji mara nyingi kwa siku. Tafuta dimbwi kwenye njia, lenye misonobari pembeni, ukae mita 15, upande ambao kivuli chako hakifiki majini. Jalidi ikiwa imegandisha vidimbwi vyote, tafuta kimoja chenye maji bado, au kilichovunjwa barafu na gurudumu la gari la hifadhi. Hapo watashuka kwanza hadi matawi ya chini, watazame, washuke tena, na ukitikisika kabla hawajaanza kunywa wote wanapaa kwa pamoja. Subiri midomo iwe ndani ya maji ndipo uinue darubini.